Danoje ya Gangneung, vinyago vya Andong au taa za Seoul: wikendi moja, watu watano

Mdau_Suwon
Wakuu, tuko watano, tunaanzia Seoul, tuna Jumamosi na Jumapili tu. Tunataka tamasha la jadi hasa, kwa hiyo lile la matope la Boryeong msilipendekeze. Limeanza 1998 na ni sherehe ya ufukweni. Nimebakiza matatu:

1. Danoje, Gangneung. Kilele ni siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Mwaka 2026 ni Ijumaa, Juni 19. KTX, treni ya kasi, ni mwendo wa saa mbili hivi, won 27,600 kwenda tu.
2. Ngoma za vinyago, Andong. Mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. KTX kutoka stesheni ya Cheongnyangni, Seoul, saa mbili na ushee, kama won 25,000.
3. Yeondeunghoe, taa za kuzaliwa kwa Buddha, hapa hapa Seoul, Aprili au Mei. Nauli ya metro basi.

Yote matatu yana kitu kilichomo kwenye orodha za UNESCO, kwa hiyo hicho hakinisaidii kuchagua. Kikorea chetu kinaishia kwenye kuagiza chakula.

BintiMvita
Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayoamua. Nendeni Gangneung. Mchezo wa vinyago wa pale, Gwanno, hauna maneno hata moja. Zamani ulichezwa na watumwa wa serikali, na kisa chote kiko mwilini: Jangjamari wawili wenye matumbo makubwa wanafungua uwanja, mwungwana anamposa binti Somaegaksi, Sisittakttagi wawili wenye vinyago vya kutisha wanaingilia kati, binti anajinyonga kwa ndevu za mwungwana kuthibitisha hana hatia, kisha anafufuka. Mnafuata mwanzo hadi mwisho bila mkalimani. Kule Andong nusu ya kichekesho ni mabishano ya mdomo kati ya mwungwana na msomi, na asiyejua lugha anabaki kutazama wenzake wakicheka.

Uwanja uko kando ya mto Namdaecheon. Kutoka stesheni msihangaike na basi: fuateni njia ya miguu ya Wolhwa, iliyojengwa ilikopita reli ya zamani. Inawapitisha sokoni Jungang na kuwatoa mtoni, chini ya nusu saa. Mkifika, anzeni na vile vyenye foleni: kuosha nywele kwa maji ya mmea wa changpo na bembea kubwa ya geune. Mieleka ya ssireum na ibada za waganga wa jadi zinaendelea kwa saa nyingi, mnaingia na kutoka mnavyotaka. Mwenye misuko ajue nywele zitamwagiwa maji kweli, na misuko haikauki upesi. Abebe taulo au aloweshe ncha tu.

Kijana_wa_Daegu
Dada, umeionea Andong. Mchezo wa vinyago wa Hahoe, kijiji cha Andong, hautazamwi kwa masikio. Vinyago kadhaa vina kidevu kilichochongwa peke yake na kufungwa kwa kamba: mchezaji akiinua kichwa, uso unacheka, akiinamisha, unanuna. Kinyago cha mhusika Imae hakina kidevu kabisa. Kaeni mbele, kwa sababu kutoka nyuma hilo halionekani. Na waliokosa tamasha wasilie, maana kijijini Hahoe ngoma hiyo huchezwa wikendi nyingi za mwaka.

Kinachowaponza watu Andong ni umbali. Uwanja mkuu uko mjini, kijiji kiko kama kilomita 25 nje, na mabasi ya kijijini ni machache. Ukipanga vyote viwili siku moja, unaishia kusubiri kituoni. Jumamosi mjini, Jumapili Hahoe, au kinyume chake. Stesheni mpya iko jirani na kituo cha mabasi, hivyo kuunganisha usafiri pale ni rahisi.

Anzeni na Hahoe pale Jumamosi yenu ikiangukia usiku wa Seonyu Julbulnori, onyesho la moto la kijijini. Vifuko vya karatasi vyenye unga wa mkaa hutundikwa kwenye kamba kutoka jabali la Buyongdae, juu ya mto, hadi msitu wa misonobari upande wa kijiji. Vikiwashwa, cheche hudondoka polepole kwa muda mrefu, kisha kutoka juu ya jabali hurushwa mafurushi ya moto huku umati ukipiga kelele "Nakhwaya!" Mkaa huo hautaki mvua. Ulizeni basi la kurudi kabla hamjaketi, au mlale kijijini kwenye hanok, nyumba ya jadi, sakafu ya ondol yenye joto, watano chumba kimoja.

Mzee_wa_Jongno
Kama mfuko hauruhusu, namba 3. Maandamano huwa Jumamosi iliyotangulia siku yenyewe, wakati mwingine zaidi ya wiki moja kabla, kwa hiyo msifuate tarehe ya sikukuu. Yanaanza saa 1 jioni hivi kutoka lango la Heunginjimun kuelekea hekalu la Jogyesa. Barabara ya Jongno hufungwa mapema, mabasi hayapiti, tumieni metro. Viti vya plastiki hupangwa kando ya barabara na ni vya anayewahi. Shukeni Jongno 3-ga, si Jonggak, maana Jonggak ndiko umati unakoishia. Jumapili kuna mabanda mbele ya Jogyesa ya kutengeneza taa.

Salma_Busan
Kwa Muislamu ipi ni nyepesi?

BintiMvita
Gangneung. Mtaa wa Chodang unapika tofu laini iliyogandishwa kwa maji ya bahari; agiza ile nyeupe tupu, si jjigae, mchuzi mwekundu, ambayo supu yake yaweza kuwa na nyama. Pancake za memil (unga wa buckwheat) pia zipo kila kona ya uwanja, ila uliza mafuta. Yale maji meupe yanayogawiwa bure pamoja na keki za mchele ni sinju, pombe ya mchele ya ibada. Si uji.

Kijana_wa_Daegu
Andong, kuku wa jjimdak ni mtamu, ila hakuchinjwa kihalali. Samaki wa makrele wa chumvi ndiye salama.

Tena, anayetaka Andong 2026 aangalie kalenda: Chuseok, sikukuu ya mavuno, ni Septemba 25. Tiketi za treni za siku hizo huuzwa kwa utaratibu wa pekee wiki kadhaa kabla, na hazikai. Wikendi ya kawaida, Korail, kampuni ya reli, hufungua mauzo mwezi mmoja kabla.

Mdau_Suwon
Juni, Gangneung. KTX kwenda na kurudi ni 276,000 kwa watano. Basi si nafuu zaidi?

Mzee_wa_Jongno
Nafuu ni nafuu, lakini Jumamosi asubuhi barabara ya Yeongdong hujaa wanaokwenda baharini, na saa tatu zinageuka nne. Nendeni na treni, rudini na basi Jumapili asubuhi kabla ya foleni ya jioni. Mvua za jangma huanza mwishoni mwa Juni, na bembea haipandwi kamba ikiwa imelowa, kwa hiyo Jumamosi kukiwa kukavu msiiahirishe. Makabati ya mizigo stesheni hujaa mapema, mabegi yawe ya mgongoni.