TREKTA LA MZEE 🚜 (Familia tu)

*Jumamosi*

[06:12] Da Ester: Mbukwenyi wote. Yona uko wapi? Ulisema leo asubuhi unatuma picha za lile gurudumu.

[06:14] Da Ester: Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mpwapwa. Mvua ya kwanza ikitukuta trekta limelala pale mbuyuni tutakodi tena, na msimu uliopita mnajua tulilimiwa baada ya wote.

[06:51] Da Ester: Naona mnasoma. Alama za bluu hazifichi kitu.

[07:55] Yona: Shikamoo da. Nilikuwa zizini.

[07:56] Yona: 📷 Picha

[07:56] Yona: 📷 Picha

[07:59] Yona: Injini haina neno. Nimeishtua na betri ya Fuso ya jirani ikawaka. Moshi ulitoka mweusi mwanzoni, baadaye ukakaa sawa. Ugonjwa uko chini. Tulilivuta kidogo kwa mnyororo: la nyuma kushoto linazunguka, la kulia limekakamaa, linaburuzwa tu, limechimba mfereji. La mbele kushoto linalia halafu linakwama.

[08:02] Da Ester: Marahaba. Handibreki umeachia?

[08:04] Yona: Nimeachia, gia iko huru. Pedali ya breki ya kulia ndiyo haishuki wala hairudi. Ya kushoto inacheza.

[08:05] Da Ester: Basi ni liningi, zile bitana za breki, zimegandana na dramu. Maji yaliingia humo misimu yote ile. Sasa kazi ni kulitoa gurudumu na kufungua dramu. Nati zikoje?

[08:09] Yona: Nati 8. Nne zimekubali. Mbili zimeliwa kichwa, spana inateleza. Mbili hazijatingishika hata kwa bomba la futi tano.

[08:31] Jofrey: Mlizungushieni wavu liwe banda la kuku 😂

[08:32] Jofrey: Au tulipeleke Kongwa likapumzike na ndugu zake, matrekta ya mradi wa karanga

[08:40] Shemeji Amosi: 😂😂😂 kuku wa Massey Ferguson

[08:41] Jofrey: Mayai yake yanatoka na oili

[08:44] Da Ester: Jofrey, wewe ndiye utakayekula mahindi ya shamba hilo. Acha.

[09:20] Shangazi Mele: Hamjambo wanangu. Naulizia michango ya kipaimara, daftari liko kwa nani?

[09:22] Da Ester: Shikamoo Shangazi. Daftari liko kwangu, tutalizungumza jioni. Sasa hivi ni trekta.

[09:23] Shangazi Mele: Marahaba. Maana ukumbi unataka hela ya kushikia nafasi.

[09:25] Shemeji Amosi: Tuwapeleke na trekta kanisani, watashangiliwa

[09:26] Da Ester: JAMANI.

[10:47] Mika (Dar): Nimeona. Mnahangaika bure. Fungeni mnyororo kwenye Fuso, vuteni kwa nguvu, dramu litaachia lenyewe. Lisipoachia aje mtu wa gesi achome hapo kwenye nati na rimu, chuma kikipata moto kinatanuka, nati zinatoka kama mchezo. Nimeona kwa macho yangu Tandika.

[10:49] Da Ester: Asante Mika. Mtu wa gesi Kibaigwa anataka kiasi gani, Yona?

[10:58] Yona: Elfu 40 na usafiri wa mitungi juu yetu.

[11:00] Da Ester: Sawa. Kila nyumba itoe elfu 20, inatosha gesi, liningi mpya, na beringi za mbele kama zimekwisha. Nimetanguliza yangu. Mika?

[12:36] Da Ester: Mika?

[13:15] Mika (Dar): Mimi sitoi mpaka hesabu ya Gairo isomwe.

[13:16] Mika (Dar): Trekta lilikwenda Gairo zima likarudi bila betri na bila uzito wa mbele. Sijawahi kuona karatasi.

[13:19] Yona: Karatasi gani Mika? Nani alilala na trekta Gairo akiumwa na mbu? Nani alikuwa anapiga simu kila Ijumaa, "nitumie, nitumie"?

[13:20] Mika (Dar): Usinianze.

[13:21] Yona: Na ng'ombe wa mama je? Au hao hawana hesabu?

[13:22] Ujumbe huu umefutwa

[13:24] Da Ester: Naomba tusiende huko. Yona. Mika. Naomba.

[13:24] Jofrey: 🍿

[13:25] Da Ester: Jofrey nitakutoa.

[16:08] Neema: Shikamooni. Niko nyumbani kwa Babu Lazaro. Nimemsomea kikundi chote tangu asubuhi, hata ya Gairo. Amekaa kimya muda mrefu. Sasa anasema niandike anavyosema, nisipunguze.

[16:15] Neema: BABU ANASEMA: Hakuna moto kwenye rimu lenye tairi. Hakuna. Wala kwenye nati zake. Hata kama upepo umetolewa. Rimu likipata moto, mpira unaungua kwa ndani, gesi inajaa, tairi linapasuka na rimu linaruka. Eliya alisimama mbele ya tairi akiwa na mtungi kama huo. Nyie mlikuwa wadogo lakini mlikwenda mazikoni.

[16:16] Neema: BABU ANASEMA: Mika, baba yako ndiye aliyembeba.

[16:44] Mika (Dar): Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

[16:45] Yona: Shikamoo Baba Mkubwa.

[16:52] Neema: Anasema marahaba. Bado anaendelea.

[17:01] Neema: BABU ANASEMA: Fuso pia hapana. Upande mmoja ukiwa umefungwa, ukivuta kwa nguvu unavunja kitu ndani ya ekseli, au mnyororo unakatika unarudi kwa watu. Wala Yona asipande akaweka gia na kuachia klachi ghafla. Gurudumu lisipozunguka, trekta huzunguka lenyewe, pua inapanda juu na linamlalia dereva.

[17:10] Neema: BABU ANASEMA: Nati zinafunguliwa gurudumu likiwa CHINI, halijapigwa jeki. Piga brashi ya waya, mwagia dizeli kwenye uzi wa stadi, ile boliti inayoshika nati, usiku kucha, asubuhi tena. Kabla ya kufungua, kaza kidogo kwanza ili kutu ikatike, ndipo urudishe. Kaza, rudisha, mwagia. Zile zilizoliwa kichwa, tia tindo ubavuni uipasue nati. Stadi ikiumia tutabadilisha stadi.

[17:12] Yona: Baba Mkubwa kuna jambo moja. Tairi lina maji. Marehemu mzee aliyajaza. Na valvu imesimama juu kabisa, kwa hiyo hayatoki, na gurudumu halizunguki nikaishusha.

[17:20] Neema: Anacheka kidogo. Anasema anakumbuka siku mliyoyajaza.

[17:24] Neema: BABU ANASEMA: Yaache. Ila ujue maji peke yake ni zaidi ya kilo 100, tairi na rimu bado. Mtu asilikumbatie. Zuia la mbele kwa mawe pande zote, piga jeki chini ya ekseli mpaka tairi liachie ardhi kidogo tu, uzito uweke juu ya magogo, usiliamini jeki. Ingiza bati lililopakwa grisi chini ya tairi, ulishushe juu ya bati. Watu wawili watalitelezesha nje, mmoja kila upande, hakuna wa mbele.

[17:26] Da Ester: Naandika yote Baba Mkubwa 🙏

[17:33] Neema: BABU ANASEMA: Dramu lina skrubu mbili. Kabla ya kulivuta, nyuma kuna kishimo chenye kizibo cha mpira, humo mna gia ndogo ya kurekebishia, irudishe mpaka liningi zilegee. Halafu gongagonga mzunguko wote kwa nyundo na kipande cha mti katikati. Usigonge ukingo kwa chuma. Dramu ni chuma cha kalibu, linapasuka kama chungu.

[17:35] Neema: Hili langu, si la Babu: baba, dramu likitoka usilipulize lile vumbi, wala usilete kompresa. Liningi za zamani zina asbesto, inakaa kwenye mapafu. Lowesha kwa maji kwanza, futa kwa kitambaa, kitambaa kifukiwe. Tumefundishwa chuoni.

[17:38] Yona: Sawa mwanangu.

[17:41] Da Ester: Na la mbele?

[17:46] Neema: Anasema la mbele ni dogo. Toa kofia, toa pini, osha beringi kwa mafuta ya taa, kama hazina madoa jaza grisi mpya. Kaza nati mpaka gurudumu liwe zito kuzungusha, rudisha kidogo, pini mpya. Si ya zamani.

[17:58] Jofrey: Shikamoo Babu. Ya Kongwa nilikuwa natania tu

[18:07] Neema: BABU ANASEMA: Marahaba. Yale ya karanga aliyaendesha baba yangu, 1948. Udongo wa huku ukikauka ni tofali, majembe ya Waingereza yalivunjika humo na 1951 mradi wakaufunga. Ndiyo maana Ester anapiga kelele. Siku za kulima ni chache baada ya mvua kulainisha, ukichelewa zimepita. Msikilizeni.

[18:09] Neema: Na anasema habari ya Gairo aliimaliza mwenyewe marehemu, mbele yake, wiki ya mwisho. Hatasema zaidi. Amechoka, anakwenda kulala.

[18:10] Da Ester: Usiku mwema Baba Mkubwa. Ubarikiwe.

[19:30] Da Ester: Haya. Gesi imefutwa, kwa hiyo elfu 15 kila nyumba. Yona dizeli na brashi kuanzia usiku huu. Tindo iko kwa Mjomba Stefano. Bati lipo, lile la choo cha zamani. Jofrey unakwenda Jumatatu kusaidia, mguu wako umepona nilikuona uwanjani.

[19:34] Jofrey: Jumatatu nina kamkutano

[19:35] Da Ester: Utakwenda.

[19:36] Jofrey: Sawa da

[20:02] Mika (Dar): Nimetuma elfu 30. Kumi na tano za mama.

[20:03] Da Ester: Imeingia. Asante mdogo wangu.

[20:15] Yona: ❤️ kwa ujumbe wa Mika

[20:40] Da Ester: Bado jeki. Letu ni la pikapu, halitabeba. Linatakiwa la tani 10. Shemeji Amosi, lile la kwenu?

[20:41] Da Ester: Shemeji?

[21:26] Shemeji Amosi: Lipo, ila lilikwenda kwa yule bwana wa mashine ya kusaga. Na mnajua mimi na yeye.

[21:27] Da Ester: Najua. Nimpigie mimi?

[21:50] Mjomba Stefano: Nimeamka sasa hivi. Tindo ninayo. Kuna nini?

[21:51] Da Ester: Soma juu Mjomba.

[21:58] Shangazi Mele: Na daftari la kipaimara wanangu?

*Jumapili*

[06:20] Yona: Nati moja kati ya zile mbili ngumu imetikisika. Robo tu, lakini imelia. Nimemwagia tena.

[06:21] Da Ester: Mungu ni mwema! Nyingine?

[06:33] Yona: Bado.

[13:05] Da Ester: Nimempigia bwana wa mashine. Anasema jeki analo, atalitoa kwa mkono wa Amosi mwenyewe, si mtu mwingine. Shemeji, unakwenda? Nijibu hapa hapa, kesho si mbali.