Mwenye nafasi asaidie kwa mkono wake au apitishe kwa kamati?

Karani: Mkristo mwenye cheo au fedha akitaka kuwatumikia wengine, agawe mwenyewe? Mimi nasema apitishe kwa kamati ya kanisa. Aliyepokea mkononi mwa tajiri hawezi tena kumpinga kikaoni. Fedha zihesabiwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, siku ileile, wote watie saini. Hundi iwe na saini mbili. Ada ilipwe shuleni moja kwa moja, dawa hospitalini, na jina la mtoaji lisisomwe.

Boazi: Mgonjwa anasubiri dawa, nyie mnasubiri akidi! Yusufu hakuunda kamati. Alivishwa pete ya Farao, akaokoa nchi ya Misri na njaa. Semeni tu mna wivu na wenye nacho.

Tirza: Wivu? Wewe umeishia Mwanzo 41. Nenda 47. Nafaka aliikusanya kwa watu, njaa ilipokuja akawauzia haohao. Fedha zilipokwisha akachukua mifugo, kisha ardhi, mwisho wenyewe wakawa watumwa wa Farao. Ardhi ya makuhani tu haikuguswa. Hilo wahubiri hulipita mbio.

Boazi: Aliwapa mbegu, akadai moja ya kumi tu. Nao walimshukuru.

Karani: Moja ya tano, mstari wa 24. Ila turudi kwenye hundi...

Mpita Njia: Asilimia 20 kwa shamba la kukodi mbona nafuu. Ubaya ni kwamba shamba lenyewe lilishahama mikono.

Tirza: Ndiyo maana namtaka Nehemia, sura ya 5. Alikuwa liwali, yaani gavana, wa Yuda miaka 12, hakugusa posho ya uliwali. Akawaapisha wakopeshaji mbele ya makuhani warudishe mashamba na nyumba za wadeni wao. Huyo alimrudishia mtu shamba, hakumpimia kibaba.

Boazi: Naye alikuwa akikopesha, mstari wa 10! Na mezani kwake walikula watu 150. Kwa siku ng'ombe mmoja na kondoo 6. Kamati gani ililipa?

Tirza: Hakuwatoza watu. Alijigharamia.

Boazi: Ahsante. Kwa hiyo alitoa mwenyewe.

Tirza: Usinitegee maneno, ndugu.

Mwalimu: Matendo 6 mmeiruka wote. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walisahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuongeza chakula, waliuachia mkutano mgao wenyewe. Wakachaguliwa saba, na wote saba wana majina ya Kiyunani. Waliolalamika ndio walioshikishwa ghala.

Boazi: Filipo mtume naye ana jina la Kiyunani, na ni mtu wa Bethsaida. Jina si kabila.

Mpita Njia: Hapo kakubana, Mwalimu.

Mwalimu: Haya, tuyaache majina. Mstari wa 5 unasema neno hilo liliupendeza mkutano wote, na waliochagua ni mkutano, si mitume. Karani, hiyo kamati yako ya saini mbili ina mjane hata mmoja?