Siasa za chama huku mtaani: tupeane uzoefu

Mtoto wa Balozi (Morogoro), mleta mada

Habari za jioni wakuu.

Siasa za kitaifa zina wasemaji wa kutosha. Leo naomba tuzungumze za huku chini: shina, tawi, kitongoji, mtaa, kata. Huku ndiko unakogongewa mhuri wa barua ya dhamana na kusuluhishwa ugomvi wa mpaka.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusiviziane. Mimi ni mhafidhina wa wastani. Naamini katika familia, kazi, matumizi ya kubana na mabadiliko ya hatua kwa hatua. Mtu anayetaka kubomoa kila kitu ananitisha, na anayefunika uozo kwa kisingizio cha amani na utulivu ananitisha vilevile. Historia yetu ndiyo iliyonifikisha hapa. Mwaka 1972 hapa Tanzania halmashauri zetu zilifutwa, na 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafuata. Sheria za kuvirudisha zilitungwa 1982, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kama angeanza upya, asingevifuta. Vyombo vilivyojengwa na wazee wetu kwa miaka mingi viliondolewa kwa uamuzi wa juu, na ushirika hadi leo unajikongoja.

Sasa yangu. Marehemu baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa shina la majirani. Mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992, balozi akabaki kuwa mtu wa chama tu, lakini majirani wa vyama vyote waliendelea kuja kwake. Alikuwa na daftari la jalada gumu: mgeni aliyeingia, michango ya msiba, nani kagombana na nani. Kuelekea uchaguzi mmoja, mkubwa mmoja wa chama chetu alikuja jioni akamtaka aandike humo majina ya "wale wa upande wa pili". Baba alilifunga, akamwambia, "Hili ni daftari la wakazi. La wanachama liko ofisini." Yule bwana aliondoka amenuna. Baba hakuhama chama, na hakuacha kwenda vikaoni.

Karibuni. Majina ya watu tuyaache.

Mama Nguzo (Mufindi)

Asante mleta mada, na pole kwa mzee.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Sheria Na. 7 ya 1982, ya serikali za mitaa, inataka tuwe kati ya 15 na 25. Juu yetu kuna mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Mapato yetu ni ya mbao na nguzo, kwa hiyo fedha ipo. Kilichokosekana ni mikutano. Ilikuwa inaitishwa siku mgeni wa wilaya anapopita.

Tulipodai sana, mwenyekiti, wa chama changu, akaja na karatasi ya mistari minne. Mmoja ulisema "matengenezo ya ofisi", laki sita na kitu. Mzee mmoja wa nyuma akasimama, akavua kofia, akaomba aonyeshwe kilichotengenezwa. Ofisi yenyewe ilikuwa hapo hapo mgongoni mwetu, dirisha limezibwa kwa boksi la sabuni. Hakuna aliyezomea. Tuliikataa taarifa kwa kura ya mikono, tukaandika muhtasari, tukampa hadi mkutano unaofuata na nakala ikaenda kwa mtendaji wa kata. Alirudi na risiti. Penye pengo, alilipa.

Kwenye tawi niliitwa msaliti kwa muda mrefu. Nilijibu kwamba chama kinachoficha dirisha la boksi kitaangushwa na hilo hilo dirisha. Wengine hawanisalimii hadi leo, na ibada tunasali pamoja.

Ng'wana Kwimba

Mama Nguzo, heshima yako.

Yangu ni ya kura za maoni, yaani pale wajumbe wa chama wanapomchagua mgombea wao. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kitu kinaitwa takrima, mtu alishe wapiga kura na aite ukarimu wa kiafrika. Mashirika ya haki yakaenda Mahakama Kuu, na 2006 kifungu kikabatilishwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwenye karatasi tulimaliza.

Mjomba wangu aligombea udiwani ndani ya chama. Usiku wa kuamkia kura nilimsindikiza kumwona mjumbe mmoja, tukaambiwa hayupo. Kumbe wajumbe karibu wote walikuwa nyumba moja, ua umefungwa, wanachinjiwa mbuzi. Mke wa mmoja wao ndiye aliyetusimulia baadaye: simu zao zilikusanywa kwenye beseni la plastiki, zikawekwa chumbani kwa mwenye nyumba, ili kambi nyingine isiwapate hewani. Asubuhi walipelekwa ukumbini kwa magari. Mjomba alipata kura za kuhesabika kwa vidole.

Wakubwa, mtu aliyeuza ng'ombe kununua wajumbe atazirudisha ng'ombe zake. Atazirudishia kwenye tenda ya choo cha shule. Mimi ni mtu wa maadili ya kale, sukuma halisi, na nyumbani kwetu mgeni halipi chakula. Lakini mgeni hafungiwi ndani wala kunyang'anywa simu. Nilifurahi CCM ilipoongeza idadi ya wapiga kura za maoni kuelekea 2025, maana ukumbi wa watu wachache unanunulika. Vyama vingine viige, na wote waende mbali zaidi: kila mwanachama aliyelipa ada apige kura.

Kihamba (Vunjo)

Mimi ni wa upinzani, na bado nakubaliana na mleta mada kwa mengi. Napenda kanisa langu, kihamba changu (shamba la ukoo) na viongozi wanaoheshimika.

Mwaka 2019 niligombea uenyekiti wa kitongoji. Fomu yangu ilitupwa kwa sababu nilifupisha jina la chama. Nikakata rufaa, ikakwama. Wenzangu wengi nchini yaliwakuta ya namna hiyo, vyama kadhaa vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti.

Mpinzani wangu ni jirani, tumesoma wote. Alikuja nyumbani usiku ule, hata kukaa hakukaa, akasema, "Kaka, mimi nilitaka tushindane." Akapita bila kupingwa. Ni mchapakazi, sina ubaya naye. Lakini akiitisha watu kuchimba mtaro wanakuja wachache, kwa sababu hakuna aliyemchagua. Ndugu zangu wahafidhina wa chama tawala, mnaopenda mamlaka iheshimiwe, hili liwaume ninyi kabla yangu.

Mtoto wa Balozi

Kihamba, linaniuma. Nilisema hivyo kwenye tawi langu wakati ule, na ninarudia hapa.

Binti wa Temeke

Shikamooni wote. Naomba nipinge kidogo.

Sisi vijana tukisikia wakubwa wanasifu utaratibu, tunajua kinachofuata: subiri zamu yako. Nilitaka kugombea nafasi kwenye jumuiya ya vijana ya tawi. Nikaambiwa nianze kwanza kupanga viti na kugawa maji. Nilipanga viti. Msimu wa fomu ulipofika, fomu hazikuwepo ofisini, katibu alikuwa nazo nyumbani na anampa amtakaye.

Nilichapisha ukurasa wa kanuni za chama unaosema fomu zinatolewa ofisini na kwa muda gani, nikaenda nao mimi na mama yangu mdogo. Mama mdogo ndiye aliyeusoma, kwa sauti, mlangoni, watu wakipita. Fomu ikatoka. Nilishindwa kwa kura chache na nimeyakubali matokeo. Sasa wakubwa mkilinda kanuni, zilindeni na siku zinapotusaidia sisi.

Mtoto wa Balozi

Marahaba mwanangu. Hujanipinga, umenipa nguvu. Endelea kugombea.

Mswahili wa Kilifi

Salaam kutoka Kenya. Huku Katiba ya 2010, kifungu cha 85, inamruhusu mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwenye wadi yetu amewahi kusimama mwalimu mstaafu baada ya kunyimwa tiketi. Hakushinda, lakini aliyeshinda alilazimika kuja kwenye baraza kujibu maswali ya mwalimu kuhusu basari, pesa za kuwasaidia wanafunzi karo. Je, nyinyi hamuna njia hiyo?

Mtoto wa Balozi

Hatuna, Mswahili. Hata uenyekiti wa kitongoji unahitaji udhamini wa chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipeleka hadi Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Bado lipo. Rai yangu, tuanzie chini: turuhusu mgombea binafsi kwenye kitongoji na mtaa kwanza, tuone linavyokwenda, ndipo tupande. Huku tunajuana kwa majina na tabia, mzee muadilifu asiyetaka kadi ya chama hana sababu ya kufungiwa nje.

Ng'wana Kwimba

Naunga mkono. Mama Nguzo, swali: mlipodai mkutano, mlianzaje? Kwetu tumekaa mwaka mzima bila kusomewa kitu.

Mama Nguzo (Mufindi)

Mkutano mkuu unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mna hoja tayari. Andikeni barua kwa mwenyekiti kupitia mtendaji wa kijiji, ombeni ajenda moja tu: taarifa ya mapato na matumizi. Msichanganye na malalamiko ya barabara wala ya mtu. Saini ziwe za watu wa vyama vyote na wasio na chama, na wazee watangulie. Nakala kwa mtendaji wa kata, agonge mhuri wa kupokea, na hiyo yenye mhuri mbaki nayo ninyi. Mkutano ukiitishwa, pendekezeni tangu mwanzo mtu wenu wa kuandika pembeni ya mtendaji. Sisi tulimweka mwalimu wa shule ya msingi, mwandiko wake unasomeka.