Mkuu wa shule anataka nipandishe maksi za CA (tathmini endelevu ya shuleni) kidato cha tatu, nifanyeje?

Chaki_Nyeupe
Habari za jioni wadau. Mi ni mwalimu wa hisabati shule ya binafsi huku Kanda ya Ziwa, shule na wilaya sitaji mtanisamehe. Tumemaliza kusahihisha mtihani wa kufunga mwaka wa kidato cha tatu na kama mnavyojua hizi maksi sio za ripoti ya mzazi tu, zinaingia kwenye CA inayotumwa baraza la mitihani (NECTA), ile asilimia 30 ya matokeo ya fomu foo. Nimesahihisha kwa haki kabisa, wastani wa darasa umelala kwenye 31, wapo wenye 8, wapo wenye 12, na yupo mmoja kachora pembetatu nzuri sana ya Pythagoras haina namba hata moja.

Jana mwalimu wa taaluma kaniita, anasema mkuu kaona mchanganuo na haujampendeza. Kanipa kikaratasi kimeandikwa kwa penseli, asiwepo mtu chini ya 45 na wale wa juu wafike 80. Nikauliza tunapandisha kwa kigezo gani akanijibu mwalimu we si mgeni hapa. Mkuu mwenyewe hajaniandikia hata meseji, kapiga simu tu ananiuliza habari za familia, afu mwishoni kabisa akasema "ile kazi ya taaluma imalizie". Mkataba wangu unaisha mwezi wa kwanza, hajagusia kuuhuisha wala kutouhuisha, ila tunaelewana.

Wenzangu wa masomo mengine wengi wameshabadilisha, mi nabaki naonekana mjuaji. Sasa naomba kujua, siku likibumbuluka anayebeba msalaba ni nani, mimi niliyejaza na kusaini au yeye aliyeagiza kwa mdomo? Na kuna namna ya kukataa ukabaki na kazi?

Msela_wa_Stafu
Mkuu badilisha ulale. Nakwambia kama mtu niliyepita shule nne za binafsi, hakuna nilikokuta CA ni CA kweli. Hiyo 70 iliyobaki wanasahihisha baraza wenyewe hakuna wa kumbeba mtu huko, sisi tunachofanya ni kumsogeza tu dogo. D inaanzia 30, ukimpa 25 kwenye CA anabaki anatafuta 5 tu za kwenye pepa na keshaikwepa F, hiyo ndo hesabu wakuu wa shule wanayoipiga vichwani hata kama hawaisemi. Na kitu ambacho hujakifikiria, shule za jirani zote zimeshajaza 70 na 80 huko, sasa we na haki yako unawaumiza madogo wako peke yao, mwisho wa siku wanaenda kugombania nafasi za fomu faivu na watoto wa mwenzio aliyejaza bila aibu. Haki ya mtu mmoja haisaidii kitu hapo.

Mama_Wawili
Nimesoma nikaumia, mi ni mzazi. Msela unasema kumsogeza dogo, unamsogeza anaenda wapi? Binti yangu alikuwa analetewa ripoti za kwenye karatasi ngumu yenye rangi, hisabati B, fizikia B, maoni ya mwalimu wa darasa "ana bidii aendelee hivyohivyo", na mimi nalipa ada kwa vikoba na madeni nikijua pesa inaenda panapostahili. Likizo ya mwezi wa sita nikampeleka kwa kijana wa tuisheni hapa mtaani, wiki haijaisha kijana kaniita pembeni anasema mama huyu hajui kujumlisha sehemu. Nikamwona mwongo anatafuta hela ya kuongeza vipindi, nikamtoa. Matokeo ya taifa ya kidato cha pili yalivyotoka hisabati F, fizikia F. Nikaenda shuleni na ripoti zao mkononi wakaniambia mtihani wa baraza huwa unawatisha watoto!

Laiti wangeniandikia hiyo 12 tangu fomu wani ningekuwa na miaka miwili ya kumhangaikia. Mwalimu usibadilishe. Sisi wazazi tunagomba tukiona F ni kweli, wengine tunakuja juu mpaka ofisini, lakini F ya mwezi wa sita inatibika.

Msela_wa_Stafu
@Mama_Wawili pole dada, ila mzazi kama wewe ni mmoja kwa hamsini. Wale arobaini na tisa wakiona F wanahamisha mtoto, na mwenye shule anajua, mshahara wangu unatoka kwenye ada ya hao arobaini na tisa.

Kinara_wa_Zamu
Mi ni mkuu wa shule, ya serikali, kwahiyo niseme na upande ambao huwa hamuuoni. Mnadhani mkuu anaamka asubuhi anatamani kughushi, hapana. Sisi tunasainishwa mikataba ya kufuta ziro, kuna vikao vya tathmini shule zinasomwa kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho mbele ya viongozi na wale wa mkiani mnaambiwa simameni mjieleze, mtu una miaka hamsini na ushee na wajukuu unasimama unajieleza kwanini watoto 140 wana mwalimu mmoja wa hisabati. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023 pale yalipotoka matokeo ya fomu foo ya 2022, wakasema halina tija, vizuri sana, lakini huku chini kila mkoa na kila wilaya wanapanga orodha zao wenyewe na inatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata hujanywa chai. Za binafsi ndo kabisa, bango la barabarani na picha za watoto wa divisheni wani ndo tangazo la biashara.

Sasa mwalimu Chaki, kabla hujamlaumu mkuu wako jiulize na wewe. Wastani wa 31 unaweza kuwa wa watoto na unaweza kuwa wa pepa. Ulitunga mwenyewe? Mada zote zilizotoka zilifundishwa au uliwawekea trigonometria mliyoigusa wiki moja kabla ya mtihani? Nani mwingine alilipitia? Kama pepa lilikuwa na tatizo, mnakaa idara mnakubaliana, swali lenye kasoro linaondolewa kwa wote au mnatoa mtihani mwingine, mnaandika muhtasari mnasaini. Hiyo sio dhambi, ni kazi. Kinachokatazwa ni hicho cha penseli, mtu wa 8 anaamka na 45 bila karatasi yoyote ya majibu nyuma yake.

Mzee_wa_Kumbukumbu
Vijana nacheka kwa sababu mnaongea kama jambo hili limeanzia kwenye ofisi ya taaluma. Mnakumbuka Februari 2013? Matokeo ya fomu foo ya 2012, ziro zaidi ya laki mbili na arobaini elfu, kama asilimia 60 ya watoto waliofanya. Nchi ikawaka, Pinda kama Waziri Mkuu akaunda tume, Mei serikali ikatangaza bungeni matokeo yapangwe upya, na yalipotoka ufaulu ukatoka asilimia 34 na kitu ukafika 43. Hakuna mtoto aliyejibu swali jipya hata moja hapo katikati. Mwaka uleule kabla haujaisha wakaja na madaraja mapya, F ikashushwa ianzie 19 kurudi chini, CA ikapandishwa mpaka 40, na ile ziro ikapewa jina la divisheni faivu!! Watu walicheka mpaka basi. Afu badala ya divisheni ikaja GPA (wastani wa pointi) na distinction zake, wazazi vijijini wanauliza mwanangu kapata merit hiyo ni kazi gani, mpaka Profesa Ndalichako alipokaa kwenye uwaziri wa elimu ndo mwanzoni mwa 2016 akaagiza turudi kwenye divisheni. Na kumbukeni huyohuyo ndiye alikuwa katibu mtendaji wa baraza wakati zile ziro zinatoka.

Ila nikiri, lile la 2013 liliwahusu watoto wote wa nchi kwa kanuni moja na lilisemwa hadharani, tukalijadili na kulitukana. La mkuu wa Chaki ni la penseli na simu ya kuulizia familia.

Mkenya_wa_Thika
Salamu kutoka jirani. Huku kwetu hii stori tunaijua vizuri. KCSE (mtihani wetu wa mwisho wa sekondari) ya 2015 A zilikuwa zaidi ya elfu mbili mia sita, 2016 Matiang'i, waziri wa elimu wakati huo, akakaza mambo ya kuiba mitihani A zikabaki 141, na si eti watoto walikuwa wajinga ghafla mwaka mmoja. Lakini ile ilikuwa wizi wa karatasi, ya sasa ndio inafanana na yenu. Gredi ya saba na ya nane mwalimu anampima mwanafunzi mwenyewe shuleni halafu anapakia alama kwa mtambo wa KNEC, baraza letu la mitihani, hiyo inabeba asilimia 20 mtoto akifika gredi ya tisa. Asilimia 20 ndio inasaidia kuamua ataenda shule gani ya upili, sasa fikiria mwalimu wa shule ya kijijini akiwa na vitabu vitatu ataweka alama za kweli na yule wa akademia anawekea watoto wake zote za juu. Kwa hivyo Msela sikubaliani na wewe lakini swali lako la "mwenzio amejaza" ndilo gumu zaidi kwa huu uzi wote na hakuna mtu amelijibu.

Chaki_Nyeupe
Nashukuru sana wote. @Kinara_wa_Zamu pepa nilitunga mimi, mada zote nilifundisha, ila ni kweli hakuna aliyelipitia kwa sababu idara ya hisabati ni mimi na mwalimu mmoja wa muda anayekuja mara mbili kwa wiki. Hilo nalichukua. Leo nimemfuata mkuu nikamwambia niko tayari kutunga mtihani mwingine, tuwape wiki mbili za marudio wafanye upya, zitakazopatikana ndo tutume. Hakunikatalia ila akaniuliza nani atalipia chakula cha bweni hizo wiki mbili. Nikamwomba basi kama ni lazima zipandishwe aniandikie barua, akacheka tu. @Mkenya_wa_Thika na mimi hilo la jirani aliyejaza ndo linaninyima usingizi kuliko mkataba, kwa sababu nna watoto kama watano wanaojituma kweli na hao ndo wataathirika.

Kinara_wa_Zamu
Hao watano usiwahofie sana. Mtoto anayejituma anaibeba ile 70, na matokeo ya kidato cha pili nayo ni ya baraza lenyewe hayapikiki na mwalimu, mwenye CA ya kupikwa huwa anaumbuka pepa la mwisho, ana 80 shuleni na 14 baraza na yeyote mwenye macho anaona. Siwezi kusema haitawaumiza hata kidogo, nitakuwa nakudanganya.

Kuhusu nani anabeba msalaba: jina lililopo kwenye fomu ya maksi ni lako. Kwahiyo usichome karatasi za majibu, zifunge vizuri ziweke mahali zinapofikika. Orodha yako ya awali piga picha ikae kwenye simu na nakala moja nyumbani. Ombi la mtihani wa marudio usiishie kusema kwa mdomo, andika nusu ukurasa lugha ya heshima, peleka kwa taaluma agonge muhuri wa kupokea, nakala ubaki nayo. Maksi wakiamua kuzijaza wao wenyewe baada ya hapo, wajaze na wasaini wao. Chakula cha bweni mwambie marudio yafanyike jioni baada ya vipindi kabla hawajafunga, ubwabwa ni uleule.

Mama_Wawili
Na wazazi mtuitie kikao jamani, mtuambie ukweli darasa lina 31. Tutapiga kelele siku moja afu tutachanga hiyo hela ya chakula.

Msela_wa_Stafu
Kikao cha wazazi kinaitishwa na mkuu, sio mwalimu wa hesabu. Ila sawa, barua ya nusu ukurasa nakubali, hiyo hata mi ningeandika.

Digrii_Kabatini
Mkuu Chaki samahani natoka nje ya mada kidogo, ikitokea mkataba wamegoma kuuhuisha nitumie jina la shule inbox nipeleke CV. Nna digrii ya ualimu, hisabati na fizikia, nipo mtaani toka 2019. Hiyo 45 kwa kila mtu mimi hainipi shida.