Riwaya ya pili: nisaidieni kabla sijaendelea

Mwandishi (Dodoma): Shikamooni wakubwa. Naandika riwaya ya mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie huku. Msichana anauza karanga stesheni ya reli. Julai mvua inamlowesha, na nyumbani kwao wanakula wali kila siku. Kitabu cha kwanza mliniambia bibi alikufa haraka mno. Nilisoma tena, ni kweli, na iliniuma. Hiki je, nini kinawakwaza?

Msomaji, Mpwapwa: Marahaba mwanangu. Mvua ya Julai, Dodoma? Julai ni baridi na vumbi! Mvua zetu Desemba mpaka Aprili.

Msomaji, Kondoa: Na nyumbani kwao wapike mlenda na ugali wa uwele. Wali kila siku, wa nani?

Mwandishi: Mama, asante sana. Mvua naifuta leo usiku. Vumbi limwingie machoni, karanga azifunike kwa khanga.