Naomba ushauri: nikope SACCOS ninunue kiwanja sasa, au niendelee kuweka akiba?

Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro, nina mke na mtoto mmoja, na baada ya makato hubakiwa na shilingi 620,000 kwa mwezi. Kodi ya vyumba viwili ni 100,000, ambayo mwenye nyumba huidai ya miezi sita kwa mkupuo, jambo linalovuruga kabisa mpangilio wangu wa akiba. Hata hivyo, kwa miezi 28 nimejitahidi kuweka 150,000 kila mwezi kwenye SACCOS yetu, na sasa nina shilingi 4,200,000.

Nimeonyeshwa viwanja viwili. Cha kwanza kimepimwa, kina mawe ya mipaka, nacho kinauzwa milioni 8. Cha pili, kikubwa zaidi, ni milioni 3.5, lakini hakijapimwa, na muuzaji ana karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa tu. Moyo wangu uko kwenye kile cha kwanza, kwa kuwa jirani yetu aliwahi kuuziwa eneo ambalo tayari lilikuwa na mtu mwingine.

SACCOS inaweza kunikopesha mara tatu ya akiba yangu, ila nahofia makato ya miaka mitatu yatanifanya nishindwe hata kununua tofali. Waliojenga kidogokidogo kwa mshahara kama huu, mlianzaje? Je, kuna anayefahamu gharama halisi za kurasimisha kiwanja ambacho hakijapimwa?