Hati za mashamba ziwekwe kwenye blokucheni? Tujadili

Mwanzisha mada, Kisumu:
Kuna hoja inayorudiwa sana: daftari la ardhi likihamia kwenye blokucheni, wizi wa mashamba utakoma. Mimi napinga.

Blokucheni ni daftari lenye nakala kwenye kompyuta nyingi. Kila bloku, yaani fungu la kumbukumbu, hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye bloku iliyotangulia. Ukichezea herufi moja ya zamani, alama hazilingani tena, na wenye nakala nyingine wanakugundua. Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, imeendeshwa hivyo tangu Januari 2009. Ni kinga ya kweli, siibezi.

Ila inalinda kilichoandikwa tu. Haijui kama ni kweli. Karani akiingiza jina la tapeli, kompyuta zote zitalitunza. Na huku Nyanza na Magharibi, boma ngapi hati bado ina jina la babu aliyezikwa zamani? Wajukuu wamegawana kwa safu ya mkonge, mirathi haijafunguliwa mahakamani, mpimaji hajakanyaga. Pesa zianzie hapo: mirathi na upimaji.

Mchangiaji, Nakuru:
Mkubwa, ya mirathi nakubali. Lakini faili likipotea masijala kisha likarudi na jina lingine, hapo babu ana kosa gani? Daftari lisilofutika lingeonyesha nani aliandika nini, na lini. Soma ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma uone tulivyoumizwa.

Mwanzisha mada:
Ndugu yangu, la faili umenishika, hapo blokucheni ingesaidia. Lakini ripoti hiyo yenyewe inaniunga mkono. Sehemu kubwa ya ardhi ile haikuhitaji mtu afute maandishi usiku. Iligawiwa kinyume cha sheria na wenye mamlaka, kwa barua za ugawaji zenye sahihi. Blokucheni ingeziandika vilevile, zikaonekana safi zaidi.

Tena, tangu 2021 tuna Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa kumbukumbu za ardhi ulioanzia Nairobi, chini ya Wizara ya Ardhi. Ukiuita blokucheni huku nakala zote ziko kwa wizara ileile, nani wa nje atagundua mabadiliko? Wanaounga mkono watujibu hili kwanza: nakala zitashikwa na nani? Mahakama? Kaunti? Chama cha Mawakili? Na mjane wa huku Seme, Kisumu, ambaye shamba lake halina hata ramani, ataingizwa kwa jina la nani?